Viatu vya Volkswagen ya Marehemu Baba

Mpwa wangu alipoposa na siku ya arusi ikatiwa, hakuja kuniomba fedha wala mbuzi. Alikuja kuniomba gari. "Mjomba," akaniambia, "siku yangu nataka nipelekwe kwa kina bibi arusi na ile Volkswagen ya babu."

Sikumkatalia. Gari lile marehemu baba alilinunua jipya mwaka 1965, akaenda nalo kazini, sokoni na mazikoni, na tangu alipofariki lilikuwa limekaa uani chini ya mwembe, kuku wakitagia ndani. Injini ilikuwa ingali na uhai. Iliguswa siku mbili tu ikapiga kelele yake ile ya zamani ambayo mtu huitambua hata akiwa mtaa wa pili. Lililotia haya ni magurudumu. Matairi yalikuwa yamepasuka mbavuni kama udongo wa kiangazi, na rimu, yaani vile vyuma vinavyovishwa tairi, zilikuwa zimeliwa na kutu ya hewa ya bahari.

Nikatoka kwenda kutafuta magurudumu mapya, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo leo nawahadithia. Nalihadithia kwa sababu wako wengi mitaani mwetu, kuanzia Majengo hadi Kisauni, wanaofufua magari ya wazee wao, na kila mmoja akishamaliza rangi na viti, swali linalofuata ni lile lile: nilivishe gurudumu la saizi gani?

Muuzaji niliyemwendea aliniuliza jambo moja tu. "Gari lako ni la inchi ngapi?" Nikamwambia inchi 15. "Basi ni hizi," akasema, na kunionyesha rimu nne za alumini zinazong'aa kama fedha, zimekwisha kuvishwa matairi mapana ya 195/50R15. Zilitoka kwenye gari la kisasa la Kijerumani, na tundu zake za bolti hazikulingana na za gari langu. Lakini hilo halikumshughulisha. Alikuwa na vipande vinne vya chuma, mviringo kama sahani, vyenye unene wa milimita 25. Upande mmoja hufungwa kwenye gari, upande wa pili hufungiwa rimu mpya. Mafundi huviita adapta. Nikalipa, nikafungiwa, nikarudi nyumbani huku watoto wa mtaani wakinikimbilia nyuma. Kwa hakika gari lilipendeza. Hata mama watoto, ambaye hasifu kitu ovyo, alitoka mlangoni kulitazama mara mbili.

Jumapili yake tukaenda Kilifi kuwajulia hali wazee: mimi na mke wangu mbele, watoto wawili na mpwa wangu nyuma. Kwenda kulikuwa na kero ndogo tu. Kila tuta la barabarani lilitoa mkwaruzo, kama mtu aparuzaye nazi kwenye mbuzi mbovu. Kurudi ndiko kulikokuwa kubaya. Tulipokaribia daraja la Mtwapa nikasikia harufu ya mpira unaoungua, kisha gari zima likaanza kutetemeka toka nyuma. Nikaegesha kando. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa halishikiki kwa moto. Madigadi ilikuwa imelichonga tairi ubavuni mpaka nyuzi zikaonekana, na bolti mbili katika tano zilikuwa zikizungushika kwa vidole. Mtoto wangu mdogo alikuwa amekaa juu ya gurudumu lile lile. Tulirudi mjini kwa matatu, hakuna aliyesema neno njia nzima.

BOLTI ILIYOHESABIWA

Gari lilivutwa hadi kwa fundi mmoja mzee ambaye marehemu baba alikuwa akimwamini, mtu aliyezitengeneza Volkswagen tangu zilipokuwa zimejaa katika miji yetu. Nilimkuta amekaa juu ya kreti la soda, anakunywa kahawa.

"Salaam aleikum, Ami."

"Wa aleikum salaam, mwanangu. Nani aliyemvisha mzee huyu viatu vya disko?"

Sikuwa na jibu. Akainuka taratibu, akachuchumaa mbele ya gurudumu, akaondoa rimu. Kisha akaishika bolti moja katika zile zilizoifunga adapta kwenye gari, akaizungusha kwa mkono huku akihesabu kwa sauti: "Moja. Mbili. Tatu. Nne." Ya tano haikuwapo, bolti ilikuwa kiganjani mwake.

Sikiza alivyonieleza. Bolti ya Volkswagen ya miaka ile ina unene wa milimita 12, na meno yake hupandana kila milimita moja na nusu. Kawaida ya ufundi ni kwamba bolti iingie ndani ya chuma kwa urefu usiopungua unene wake, na kwa bolti hii ni mizunguko minane kamili. Zangu ziliingia nusu ya hiyo, kwa kuwa adapta ilikuwa nene na muuzaji alitumia bolti za urefu wa kawaida. Watu watano walikuwa wametembea kilomita nyingi juu ya meno manne ya bolti.

Tena kulikuwa na kosa la pili, na hili hata mafundi wa leo huwapita. Bolti za Volkswagen zimeviringwa shingoni kama kitako cha yai, na tundu la rimu yake limechongwa kibakuli ili yai hilo likae. Rimu na adapta nyingi za madukani zina tundu za umbo la pia. Ukiitia bolti ya yai katika tundu la pia hugusana kwa uzi mwembamba tu. Utaikaza leo hata mishipa ikutoke, na kesho barabara itakuwa imeilegeza. Bolti na tundu lake havina budi kuwa vya umbo moja. Na gurudumu lolote lililofungwa upya likazwe tena baada ya kwenda kilomita 80 hivi, hata kama limefungwa na fundi hodari.

Nikamwuliza mbona basi rimu zile ziliuzwa kama zinafaa. Akacheka. "Zafaa kuingia, mwanangu. Kuingia si kufaa. Kiatu cha nduguyo chaweza kukuingia, kisha kikakutoa malengelenge kabla hujafika msikitini."

KUSOMA NAMBA

Kabla ya kununua tairi, jifunze kusoma maandishi ya ubavuni. Tairi langu lilikuwa 195/50R15. Hiyo 195 ni upana wake kwa milimita. Hiyo 50 yasema kwamba urefu wa ubavu, kutoka kwenye rimu hadi kwenye kashata, ni asilimia 50 ya upana huo. R ni radial, namna nyuzi zake zilivyopangwa. Na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, yaani kitu pekee ambacho mimi na muuzaji tulikijali.

Sasa chukua kalamu. Inchi 15 ni milimita 381. Ubavu mmoja ni nusu ya 195, yaani 97 na nusu, na tairi lina ubavu juu na ubavu chini, basi ongeza 195. Kimo cha gurudumu zima ni milimita 576. Kwa gari la marehemu baba, tairi la radial lililokubaliwa ni 155 la inchi 15, ambalo leo huandikwa 155/80R15. Fanya hesabu ile ile: asilimia 80 ya 155 ni 124, mara mbili ni 248, jumlisha 381 upate 629. Gurudumu langu la kifahari lilikuwa fupi kwa milimita 53, ingawa lote ni "inchi 15".

Ufupi huo unadhuru vipi? Kwanza, gari lilishuka kwa nusu ya kiasi hicho, sentimita mbili na nusu na zaidi kidogo. Mwenye kuvuka Likoni anajua maana yake. Pale ngazi ya feri inapokutana na lami, sentimita mbili ndizo zinazotenga bampa na chuma. Pili, gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa safari ile ile. Ili gari liende kilomita 80 kwa saa, injini yangu ilizunguka kana kwamba inakwenda 87, na injini ile hupozwa kwa hewa tu, haina rejeta wala maji. Katika joto la Mombasa la mwezi wa Februari huko ni kuipika. Tatu, mita ya mwendo ikawa inanidanganya, ikisoma 80 na mimi niko 73. Na hapa kuna ajabu ndogo ya Volkswagen hii ambayo wengi hawaijui: waya wa mita ya mwendo haukutoka kwenye gia, umetoka kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Ukibadili matairi ya nyuma peke yake mita haina habari. Badili la mbele kushoto, nayo hubadilika.

Kawaida njema ni kutopita asilimia tatu, juu au chini, ya kimo cha asili. Mimi nilikuwa nimepita asilimia nane.

Lakini jihadhari, kimo peke yake pia hakitoshi. Chukua tairi la 195/65R15, ambalo limejaa madukani kwa sababu magari mengi ya Kijapani huvaa hilo. Kimo chake kinafika 634 na kitu, karibu sawasawa na la Volkswagen. Mtu akiangalia hesabu atafurahi. Ila rimu ya asili ya gari lile ina upana wa inchi 4 tu, na tairi la 195/65 lahitaji rimu isiyopungua inchi 5 na nusu. Ukilibana kwenye inchi 4, mbavu hufura, kashata huinuka katikati, na kwenye kona gari huyumba kama jahazi lisilo na shehena.

KIPIMO KISICHOONEKANA

Lililonishinda kabisa kulielewa, hata Ami akachukua chaki na kunichorea sakafuni, ni kina cha rimu. Laza rimu chini, upime katikati ya upana wake. Lile bamba lenye tundu za bolti, ambalo hukaa juu ya gari, aghalabu haliko katikati; limesogea upande wa nje. Umbali huo, kwa milimita, ndio huandikwa kwenye rimu baada ya herufi ET. ET kubwa huliingiza gurudumu ndani ya gari. ET ndogo hulitoa nje.

Rimu zangu zilikuwa ET45. Adapta yenye unene wa milimita 25 ikazisukuma nje, zikawa kana kwamba ni ET20. Tena rimu ilikuwa ya inchi 6 badala ya 4. Inchi mbili hizo hugawanyika, moja ndani na moja nje, na inchi moja ni milimita 25 na ushei. Jumlisha uone gurudumu limekwenda wapi. Lilikuwa limetokeza chini ya madigadi kama ulimi wa mbuzi, nami nikadhani ndio uzuri wenyewe.

Ubaya wake si kukwaruza tu. Beba ndoo ya maji kwa mkono uliokaribu na kiuno, kisha inyoshe mkono ukaibebe kwa mbali. Maji ni yale yale, bega ndilo linalolia. Beringi ya gurudumu ndiyo bega la gari. Iliundwa kubeba uzito katika mstari fulani, na ukiupeleka mstari ule nje, beringi itakufa kabla ya siku zake. Magurudumu ya mbele yakitolewa nje, usukani nao huwa mzito, na kila shimo hulipiga teke mkononi mwa dereva. Yakiingizwa ndani mno, tairi husugua springi au bomba la breki, na hilo ni baya kuliko madigadi, kwa sababu huwezi kuliona ukiwa umesimama nje.

Kuhusu bolti zenyewe, Volkswagen za zamani kama yangu zina bolti 5 zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 205. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kiwanda kikaanza kuhamia bolti 4 kwenye duara la 130. Kwa hiyo hata rimu ya Volkswagen si lazima iingie Volkswagen nyingine. Mwenye gari la 1965 akinunua rimu za 1972 amenunua mapambo. Kupima duara la bolti nne ni rahisi: pima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya ile inayoikabili. Za tano hazikabiliani. Hapo pima kati ya bolti mbili zilizo jirani, kisha zidisha kwa 1.7. Kwenye gari langu jirani na jirani ni milimita 120 na nusu. Zidisha, utapata 205.

Usikubali kuambiwa "inakaribia". Mini ndogo ile ya Kiingereza ina bolti 4 kwenye duara la milimita 101.6, ilhali magari mengi madogo ya leo yana 100. Tofauti ni milimita moja na kitu. Bolti zitaingia kwa kulazimishwa, zote zikiwa zimepinda kidogo, na chuma kilichopinda huchoka kikakatika.

Akamaliza kuchora, akapangusa chaki mikononi. "Hili gari," akasema, "lilishinda East African Safari mwaka 1954, likashinda 1957, likashinda tena 1962, siku za barabara za vumbi na tope. Halikushinda kwa rimu za kung'aa." Mimi naongeza kwamba hata katika mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003, hutaona gari limepita mitihani yale limevaa tairi jembamba la ubavu kama mkate wa mofa. Ubavu mrefu wa mpira ni springi ya kwanza ya gari la kale, na barabara zetu zingali zinaihitaji.

TAIRI GANI BASI?

Magari ya enzi zile yalitoka kiwandani na matairi ya nyuzi za kukingama, yaliyoandikwa kwa inchi: la Volkswagen ni 5.60-15, na zile za kabla ya mwisho wa 1952 zilivaa 5.00-16. Leo wengi huvaa radial, nayo hushika barabara vizuri zaidi. Lakini usichanganye namna mbili hizo katika ekseli moja hata siku moja. Ikiwa umelazimika kuwa na mawili haya na mawili yale, radial ziende nyuma. Ukizitia mbele na yale mengine nyuma, mkia wa gari utakutangulia kwenye kona ya mvua. Na Volkswagen hii, iliyobeba injini nyuma, ina mkia mzito tangu kuzaliwa.

Tulilinganisha 155 na 165. Tairi la 165/80R15 kimo chake ni milimita 645, zaidi ya 155 kwa asilimia mbili na nusu, na kwa kweli linakaribia zaidi lile la asili la 5.60-15. Linakubali rimu nyembamba. Basi tukachagua hilo, manne na la tano la akiba.

Rimu za asili zilipigwa msasa kutu ikatoka. Moja ilikuwa imetoboka, ikatupwa, na Ami akaipata mbadala wake kwenye mabati ya gari bovu huko bara. Kila moja aliifunga kwenye gari lililoinuliwa kwa jeki, akaisogezea msumari karibu na ukingo, akaizungusha. Ukingo ukiukaribia msumari na kuukimbia, rimu imepinda. Rimu za zamani nyingi hazina lile tuta dogo la ndani linalozuia tairi lisichomoke upepo ukipungua. Kwa hiyo tulitia tyubu, nazo ziwe tyubu za radial, kwani nyingine husuguana na tairi zikatoboka zenyewe.

Tazama pia umri. Tangu mwaka 2000 tairi huandikwa tarakimu nne katika duara dogo karibu na herufi DOT: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la gari la arusi aghalabu halichakai kashata, kwa sababu gari halitembei. Hufa kwa jua na miaka, likiwa zuri la kutazama. Yale ya baba yaliyopasuka chini ya mwembe yalikuwa na kashata ya kutosha. Kisha soma namba na herufi zinazofuata saizi. Kwa 82S, namba yasema tairi moja labeba kilo 475, na S yasema mwendo wake wa mwisho ni kilomita 180 kwa saa, jambo ambalo gari letu halitalifikia hata likisukumwa kutoka mlimani.

Upepo nao una kanuni yake. Vijana wa pampu hutia paundi 30 kila gurudumu, mbele na nyuma, bila kuuliza. Volkswagen yenye radial yataka 18 mbele na 27 nyuma, kwa sababu uzito uko nyuma, na upepo hupimwa asubuhi kabla tairi halijapata moto. Ukilijaza la mbele kama la nyuma, pua huwa nyepesi, usukani hauna hisia, na upepo wa darajani Nyali hulisukuma gari kama karatasi. Tairi la akiba nalo lisisahauliwe kujazwa. Nami nilipokuwa na zile rimu pana, la akiba halikuingia mahali pake chini ya boneti, nikaliacha nyumbani. Hata hilo lingetosha kunizindua.

Wenye magari mengine watafute namba zao kwa njia hii hii. Land Rover za zamani zile fupi, za inchi 88, zilivaa 6.00-16, na ndefu za 109 zikavaa 7.50-16, bolti ni tano kwenye duara la milimita 165. Peugeot 504, iliyotwaa Safari mwaka 1975 na 1978, ina rimu za inchi 14 na bolti nne kwenye duara la 140, pana kuliko la Datsun ambalo ni 114.3, kwa hiyo usilogwe na mtu akakuuzia za huyu kwa yule. Mini zilizaliwa na rimu za inchi 10, na mwaka 1984 zikapewa za inchi 12 pamoja na breki kubwa zaidi. Rimu ya 10 haipiti juu ya breki hizo.

Jaribio la mwisho lilinichekesha, lakini nalisifu. Ami aliagiza donge la unga wa chapati. Akalibandika chini ya ukingo wa kila madigadi, akawapakia vijana wanne wanene, akaniambia nizungushe usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, kisha nipande tuta polepole. Tuliporudi tukakagua. Donge la nyuma lilikuwa zima, halina hata alama ya kashata. Lile la mbele kuku wa jirani walikwisha liona.

Siku ya arusi gari lilikwenda kwa rimu za chuma zilizopigwa rangi ya maziwa, na vifuniko vyake vya asili vimesuguliwa kwa majivu na ndimu. Hakuna mtoto aliyetukimbilia nyuma. Wazee walilitambua, wakasimama barazani. Mmoja akaniuliza kama ni ile ya baba. Bwana arusi akashuka, vigelegele vikapigwa, watu wote wakamsonga kumtazama yeye na joho lake. Ami peke yake hakumtazama. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari na kanzu yake nyeupe ameikunja magotini, spana mkononi, anakaza bolti moja moja.